Kampuni ya nyumba imekalia dipoziti yako? Ipeleke kotini, hapa hapa Mombasa

Ukihama nyumba Mombasa jiandae na bili ya rangi. Bahari iko hapo, chumvi inabambua kuta hata kama umeishi humo ndani kama mgeni, maji ya kisima nayo yanakula mifereji (bomba za maji) mpaka inageuka kijani, alafu siku ya kurudisha funguo unapewa karatasi: kupaka rangi nyumba nzima, mifereji mitatu mipya, usafi, jumla dipoziti yote kwisha. Wengine huambiwa hata waongeze juu.

Sasa watu wengi hapo wananung'unika kwenye grupu la WhatsApp la jengo basi yanaisha. Lakini kuna Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake ni ya 2016 na ilianza kazi 2021, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na Mombasa ipo. Wakili si lazima, unaweza kusimama mwenyewe ukaongea Kiswahili chako. Na muda haujakuponyoka kama unavyodhani, deni la mkataba lina miaka 6 kabla ya kupitwa na wakati, kwa hivyo hata ile nyumba ya Bamburi uliyohama mwaka juzi bado.

Kwanza kabisa jua unamshtaki nani, manake hapa ndo kesi nyingi zinachafuka kabla hazijaanza. Toa mkataba, toa risiti, toa meseji za M-Pesa uziweke pamoja uangalie majina. Mara nyingi utakuta matatu tofauti: mkataba una jina la ejenti, risiti ina jina la biashara, paybill inasoma kampuni nyengine kabisa. Jina la kwenye kibao cha ofisi halishtakiwi, kinachoshtakiwa ni kampuni iliyosajiliwa. Ingia eCitizen upande wa usajili wa biashara uombe CR12, ndo karatasi inayoonyesha jina kamili, wakurugenzi na ofisi iliyosajiliwa, na utaihitaji tena wakati wa kupeleka samansi, ile hati ya kuwaita kotini. Ukiwa na shaka pesa iko kwa ejenti au kwa mwenye nyumba, washtaki wote wawili, wenyewe watarushiana mpira mbele ya korti na wewe unasikiza.

La pili ni vile unavyolieleza dai lenyewe. Korti hii haina mamlaka juu ya mzozo wa nani amiliki au akae kwenye ardhi au nyumba. Ukiandika mambo ya kufukuzwa, kodi kupandishwa, sijui kurudishwa ndani ya nyumba, wakili wao atainua pingamizi la awali kwamba hii ni kesi ya ardhi, na anaweza kushinda. Wewe andika pesa tu. Niliwapa kiasi hiki tarehe hii kama dipoziti, mkataba ulisema itarudishwa, nimehama tarehe hii na funguo wamepokea, pesa hawajarudisha. Pesa yako iliyo mikononi mwao, basi, matusi ya keateka usiyatie humo. Nyumba ya kuishi ambayo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi ina tribunali yake ya kodi za nyumba, na kama ni duka au hoteli na upangaji wako unalindwa na Cap 301, ile sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, basi nenda tribunali ya majengo ya biashara.

Kabla hujafaili soma mkataba mpaka mwisho, ile kurasa ya mwisho ambayo hakuna mtu huisoma, utafute kama kuna kifungu cha abitresheni, yaani mzozo uamuliwe na mwamuzi wa kulipwa nje ya korti. Kikiwepo, kampuni inaweza kuiomba korti isimamishe kesi mwende kwa abitreta, lakini kwa kifungu cha 6 cha Sheria ya Abitresheni ya 1995 inabidi iombe mapema, isipitishe wakati wa kuingia kwenye kesi au kujibu. Ikishajibu kawaida, imechelewa. Kusema kweli abitresheni kwa dipoziti ya elfu thelathini au arobaini ni hasara tupu, abitreta analipwa na pande zote mbili na ada yake inaweza kula dai lote, na uamuzi akishautoa kuupinga ni shida, na kuutekeleza lazima upitie Mahakama Kuu. Kwa hivyo kwenye barua yako ya dimandi, ile ya kudai pesa kabla ya kesi, waulize wazi kama mnaweza kukubaliana hicho kifungu kiwekwe kando. Hata wao hawapendi hio gharama.

Hio barua iwe fupi. Kiasi, tarehe, akaunti ya kulipia, siku 14, la sivyo naenda kotini na nitadai gharama na riba. Itume kwa imeili na pia uipeleke ofisini, nakala yako wakupigie muhuri wa kupokea. Wakikataa muhuri, piga picha ukiwa pale mapokezi.

Ushahidi: mkataba, risiti, stetimenti ya M-Pesa, picha za siku ya kuingia na za siku ya kutoka, ile karatasi ya makato. Hapo kwenye makato ndo ushinde. Omba risiti za fundi na za rangi, manake kuandika "kupaka rangi 22,000" si sawa na kupaka, na uchakavu wa kawaida haulipwi na mpangaji isipokuwa mkataba umesema vyengine. Piga picha ya karibu ya ule mfereji, ukutu wa kijani uonekane na skrubu zisiwe na alama ya kuvunjwa. Hio si kazi ya mkono wa mpangaji, ni chumvi. Picha na meseji za simu ziambatanishe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ukurasa mmoja tu unaoeleza simu gani na ulizitoa vipi. Korti hii haijifungi sana na kanuni za ushahidi lakini usimpe wakili wao kitu cha kushikilia.

Kufaili ni kwa mtandao, mfumo wa e-filing wa mahakama, unachagua Mombasa, unapakia, unalipa kwa simu. Ukikwama nenda masjala usaidiwe, au Kituo cha Sheria, wana ofisi mjini. Kisha peleka samansi kwenye ofisi iliyosajiliwa ama kwa mkurugenzi, na ufaili afidaviti, yaani kiapo cha maandishi, ya kwamba umepeleka, bila hio hata wasipotokea huwezi kupewa hukumu.

Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 na hukumu isizidi siku 3 baada ya kusikizwa, kwa hivyo wakiomba kuahirisha pinga kwa adabu. Wakitaka maelewano kubali kusikiza, ila makubaliano yaandikwe na yaingizwe kama amri ya korti, ahadi ya mdomo ya ejenti ushaijua. Rufaa iko Mahakama Kuu na ni kwa hoja za sheria peke yake.

Ukishinda wasipolipa, hapo zile risiti za kodi zinafanya kazi ya pili. Benki na akaunti uliyokuwa ukilipia unaijua, na kila tarehe 5 wapangaji wa jengo zima wanaingiza kodi humo. Unaomba korti iamuru benki ikulipe moja kwa moja kutoka kwenye akaunti hio. Dalali wa mahakama yupo pia, lakini ofisi ya ejenti huwa ni meza mbili na feni, anza na benki.