Jinsi ya kutengeneza biti ya krautrock kwa kukata sampo (na usiijaze vitu)

Watu wengi tukianza kukata sampo, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa, tunajaza sana, kila baa nne (baa moja ni mapigo manne) kitu kipya, mara filimbi mara sauti ya mtu anacheka, mwisho biti inakuwa kama daladala lenye redio tatu. Krautrock, hii staili ya roki ya Wajerumani wa miaka ya 70, inataka kinyume chake, ukae na kitu kimoja mpaka kibadilike chenyewe masikioni.

Kabla hujagusa laptopu vaa hedifoni usikilize wimbo wa Hallogallo wa bendi ya Neu!, wa 1972, dakika kumi nzima, na simu weka mbali. Dramu za Klaus Dinger hazina mbwembwe kabisa, snea kwenye pigo la pili na la nne, haihati (vile visahani) inachapa tu haipumui. Dakika ya kwanza utaboreka. Ya nne hivi unaanza kusikia vitu ambavyo vilikuwepo muda wote, gitaa la Michael Rother linalia kama liko chumba cha pili, na hapo ndo utamu wenyewe ulipo, yaani sikio likichoka kusubiri mabadiliko linaanza kuyatunga lenyewe.

Haya kazi. Fungua Audacity, ni ya bure. Rekodi mdundo wako, hata kwa meza na sufuria, spidi ya mapigo 140 au 150 kwa dakika, alafu kata baa mbili tu. Kata pale wimbi linapogusa mstari wa katikati, la sivyo utasikia "tik" kila lupu (hicho kipande kinachojirudia) ikirudi, na lupu yenyewe inarudi mara mia na kitu kwahiyo hiyo tik itakutoa roho. Irudie dakika sita. Ndiyo, sita. Mdogo wangu nilimpigia ya kwangu dakika ya tatu akauliza kama simu imeganda.

Juu yake weka sauti moja tu, noti ya kinanda au mtu anaguna, ishushe spidi nusu, itashuka oktavu nzima na kuwa nzito kama iko chini ya maji. Hii mbinu Neu! waliifanya kwa njaa, 1973 hela ya studio iliisha albamu ya pili ikiwa nusu, wakachukua singo yao wenyewe wakaichezesha kwenye mashine ya santuri kwa spidi ya 16 na ya 78 (mizunguko kwa dakika) wakajaza nayo upande wa pili, wengine wakaona wametapeliwa. Mi naona ni ujanja mtupu.

Mwangwi weka, ila uingize polepole kwa dakika nzima, msikilizaji asijue umeanza lini. Na usiogope kurekodi kirefu, bendi ya Can walikuwa wanapiga mfululizo alafu mpiga besi wao Holger Czukay anakaa na tepu anakatakata na kuunganisha vipande vizuri.

Kingine, ukitaka kuiweka mtandaoni usikate nyimbo za watu hovyo. Sekunde kama mbili za wimbo wa Metall auf Metall wa bendi ya Kraftwerk, wa 1977, zilikatwa na prodyuza Mjerumani Moses Pelham akazitumia kwenye wimbo wa 1997, kesi ikaanza 1999 na 2019 bado ilikuwa inazungumzwa mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya. Sekunde mbili jamani! Ndo maana nimekwambia sufuria.