Somo: Kulala garini Kidepo ukiwa peke yako

Januari nilikwenda hifadhi ya Kidepo, kaskazini mashariki mwa Uganda, peke yangu, na gari lenye kitanda cha mbao nyuma. Wengi mmeniomba maelezo, basi nayaweka hapa kwa mfuatano.

Tuelewane kwanza: Kidepo si jangwa la mchanga mtupu. Ni nyika kame ya Karamoja, kilomita za mraba 1,442, mpakani na Sudan Kusini, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1962. Lakini Januari ukikanyaga pale saa saba mchana hutabishana na mtu anayeiita jangwa.

Hatua ya 1: Njia. Nilipitia Gulu na Kitgum. Baada ya Kitgum ni murramu, yaani barabara ya udongo na changarawe isiyo na lami, kupitia Orom hadi Karenga. Jaza mafuta Kitgum, tangi na dumu la akiba. Lala Kitgum pia, ili murramu uianze asubuhi.

Hatua ya 2: Maji. Nilibeba jerikani tatu za lita 20. Moja niliifunga mbali na nyingine, maana jerikani ikipasuka barabarani huloanisha kila kitu na kukuacha na kiu.

Hatua ya 3: Mchanga. Hapa ndipo nilipoaibika. Mto Kidepo kiangazi ni jina tu: kitanda kipana cha mchanga mweupe, miti ya mivumo imesimama kandokando. Nilishuka nikiwa na upepo wote kwenye matairi, katikati nikasita, nikapunguza mwendo. Gari likazama. Nikakanyaga mafuta, likazama zaidi, mpaka tumbo likalalia mchanga. Askari wa wanyamapori niliyekuwa naye akashuka, akainama, akaniuliza: "Mama, unaendesha au unalima?"

Kumbe dawa ni rahisi. Kabla ya kuingia, simama, toa upepo kwa kijiti mpaka kipimo kisome paundi 20 hivi, tairi litanuke. Weka gia ya nguvu, ingia kwa mwendo wa kadiri, usibadilishe gia, usisimame. Ukikwama, acha mafuta mara moja. Chimba mbele ya kila tairi, sukumiza ubao au matawi, kisha toka polepole. Sisi tulichimba saa nzima. Ukishavuka, jaza upepo tena. Pampu ya mguu inatosha ukiwa na subira.

Ng'ambo ya mto kuna chemchemi za maji moto za Kanangorok, na njiani niliona mbuni wakikimbia sambamba na gari. Nilisahau uchovu wote.

Hatua ya 4: Kambi. Makao ya hifadhi yako Apoka, juu ya bonde la Narus. Kiangazi wanyama hukusanyika bonde hilo kwa sababu ndilo linalobaki na maji, kwa hiyo usiku simba utawasikia bila kulipia chochote. Usiache chakula hemani wala matunda garini. Tembo ana pua ndefu kuliko akili yako. Ukitaka kujisaidia usiku, washa tochi, zungusha kwanza, ukiona macho yanang'aa, subiri.

Hatua ya 5: Kutembea kwa miguu. "Peke yako" inaishia hapa: humo ndani hutembei bila askari mwenye bunduki. Nilipanda mlima Morungole, mita 2,750, siku nzima kwenda na kurudi. Huko juu wanaishi Waik, watu wachache wenye lugha yao, waliokimbilia milimani kuepuka uvamizi wa wezi wa ng'ombe. Toka kabla jua halijachomoza, beba lita nne. Usimpige mtu picha kabla hujamsalimu. Kwa Wakaramojong huko chini, "Ejoka?" inafungua mlango.

MASWALI

Dada mmoja wa Mbale: Mwanamke peke yake haogopi?
Niliogopa, dada. Usiku wa kwanza sikulala. Wa pili nililala kama gogo. Niliegesha karibu na makao ya askari, na mdogo wangu Kampala alikuwa na ratiba yangu yote: nisipopiga siku fulani, apige yeye hifadhini.

Ndugu wa Tororo: Gari dogo linafika?
Hadi Kitgum bila shida. Kiangazi unaweza kujikongoja hadi Apoka, ila mchangani usijaribu. Mvua zikianza, liache nyumbani.

Swali: Mbung'o wapo?
Wapo, hasa ukielekea kaskazini. Usivae bluu wala nyeusi, wanazipenda. Mimi nilivaa suruali ya bluu. Msiniulize.

Mzee wetu wa Jinja: Ulikula nini, mwanangu?
Shikamoo mzee. Posho (ugali), maharage na dagaa wakavu. Nilibeba pia matoke mabichi, nikidhani yatanifaa wiki nzima. Joto la garini likayafanya ndizi mbivu siku ya tatu. Askari waliyamaliza, wakaniuliza mengine yako wapi.