Jinsi ya kushea santuri ya jazi unayoisikiliza sasa hivi

Usitupie picha ya kava tu ukaishia hapo, wenzako wanataka kujua ni toleo lipi, so andika msanii, jina la albamu, lebo (kampuni iliyoitoa), namba ya katalogi na kama ni mono au stereo, mfano John Coltrane, Blue Train, Blue Note 1577, imerekodiwa 1957. Halafu inamisha santuri kwenye mwanga ucheki ile sehemu tupu isiyo na muziki, karibu na karatasi ya katikati, ukikuta pameandikwa RVG au VAN GELDER ujue masta, yaani ile sahani ya kwanza ambayo santuri zinatokana nayo, aliikata fundi sauti Rudy Van Gelder, hiyo itaje kabisa! Kama inakwaruza sema ukweli. Ila muhimu zaidi ni masikio yako, sema upande gani unacheza na nini kimekushika, kwangu mimi kwenye Blue Train ni trombone ya Curtis Fuller aisee.