Ukitaka kujua kigari, kipandishe Bondone

Wachezaji wa Assetto Corsa, ule mchezo wa kompyuta wa mbio za magari, kabla hamjarudi kwenye magari makubwa: chukueni Abarth 595 SS, kile kigari kidogo cha Kiitalia cha miaka ya 1960, mkipandishe Trento-Bondone, ile barabara ya mlimani ya Italia iliyomo mchezoni. Ni kilomita 17.3 za kupanda tu, kona juu ya kona.

Gari lenye nguvu hukusamehe. Ukikosea kona unakanyaga mafuta, kosa limefutika. Kigari hiki hakina cha kufutia. Ukigusa breki pasipo haja, mlima unakudai mpaka kona inayofuata, na pengine hiyo ya pili pia. Kwa hiyo achia mafuta mapema badala ya kukanyaga breki, tumia barabara yote kwa upana, na shusha gia kabla ya kuingia kona kali. Ukichelewa injini inazama, na kuiamsha katikati ya mwinuko ni kazi kwelikweli (mimi huwa naongea nayo, haisaidii).

Na punguza mafuta kwenye tangi. Lita 20 ni kama kilo 15, na kwa gari la nusu tani hivi hiyo ni asilimia 3 ya uzito wote. Weka yanayotosha kufika juu, basi.

Ukilinganisha magari mawili, usiangalie spidi ya juu kabisa. Angalia spidi unayotoka nayo kwenye kona zilezile tatu au nne, kila safari.