Ukichapia Hewani: Mwongozo kwa Wasomaji wa Habari na Maripota wa Arusha na Moshi

Skripti ikifika mezani saa mbili kasorobo na taarifa ya habari inaanza saa mbili kamili usiku, makosa mengi ya usiku huo tayari yamo kwenye karatasi. Dakika hizo kumi na tano ni za kuyawinda, na poda ya usoni isubiri. Soma kwa sauti, si kwa macho. Jicho lina tabia ya kusahihisha lenyewe na kukudanganya kwamba sentensi iko sawa, ilhali ulimi utajikwaa palepale.

Anza na tarakimu. Mhariri anaandika "vijiji 8" kwa sababu ni haraka, na msomaji anatamka "vijiji nane" kwa sababu ndicho macho yalichokiona. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hiyo andika kwa maneno juu ya kila tarakimu: vijiji vinane, magari kumi na mawili, watu ishirini na wanane, lakini kaya ishirini na nane. Fedha zina mtego wake. "Shilingi elfu mia mbili na tano" inaweza kusikika kama 205,000 au 200,005. Sema "laki mbili na elfu tano" na hakuna atakayekuuliza. Bilioni 2.4 isome "bilioni mbili na milioni mia nne", na uangalie mara mbili nukta imekaa wapi, maana bilioni 2.04 ni bilioni mbili na milioni arobaini tu.

Saa ni mtego mbaya zaidi, hasa kwa habari za mashirika ya nje. Saa 10:00 ya GMT ni saa 7 mchana kwetu: ongeza tatu upate saa ya kimataifa ya hapa, kisha toa sita upate saa ya Kiswahili. Anayefanya hesabu hiyo kichwani akiwa hewani atasema "saa kumi". Tukio la 00:30 ya Jumanne liite la "saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumanne", la sivyo nusu ya watazamaji wataelewa ni usiku wa Jumanne yenyewe. Na kama taarifa yako ya usiku inarudiwa alfajiri, usiandike "leo asubuhi". Taja siku.

Majina ya mahali yanadharauliwa na wageni na wenyeji vilevile. Boma Ng'ombe ikiandikwa bila king'ong'o, msomaji aliyeletwa kutoka mkoa mwingine ataitamka "ng" yake kama ile ya Ngaramtoni. Engarenanyuki, Oldonyosambu na Orkesumet zikatwe kwa mkwaju mdogo wa kalamu, silabi kwa silabi, na zisomwe mara tatu kabla ya kuingia studio. Angalia pia vyeo: Arusha ni Jiji, Moshi ni Manispaa, na mkurugenzi wa kila moja hukasirika akipewa cha mwenzake.

Halafu kuna mahakama. Arusha ni makao ya Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo ni chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, na pia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo ni ya Umoja wa Afrika. Zinachanganywa kila mara, na kosa hilo si dogo, kwa sababu nchi zinazobanwa na hukumu si zilezile. Mahakama ya kimbari ya Rwanda ilifungwa mwishoni mwa 2015. Ukiikuta kwenye skripti kana kwamba bado inasikiliza kesi, kuna mtu amenakili aya ya zamani. Hali ni hiyohiyo kwa idadi ya nchi wanachama wa Jumuiya: tangu Somalia ijiunge, ni nane.

Sasa prompta, kile kioo cha mbele ya lenzi kinachopitisha maandishi ya skripti. Macho hutangulia sauti kwa maneno kadhaa, na kuchapia kwingi hutokea neno la mbele linapopenya kabla ya zamu yake: "mkoa wa mkuu" badala ya "mkuu wa mkoa". Tiba ni mistari mifupi, maneno manne au matano kwa mstari, herufi kubwa kiasi cha kusomeka bila kukunja uso, na mstari unaosomwa ukae theluthi ya juu ya kioo ili macho yasishuke mbali na lenzi. Anayezungusha prompta anamfuata msomaji. Akikukimbiza, punguza mwendo naye atapunguza; ukiongeza kasi ili umfikie, mtafukuzana mpaka mwisho wa habari. Karatasi ibaki mkononi hata kama prompta haijawahi kukwama, na ufunue ukurasa kila taarifa inapoisha. Msomaji ambaye karatasi yake iko taarifa ya kwanza wakati prompta imezima kwenye ya sita ni sawa na asiye na karatasi.

Kujua kasi yako ni kazi ya dakika moja: soma skripti ya kawaida kwa sekunde 60, hesabu maneno, na uitumie namba hiyo kukadiria urefu wa kila taarifa. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo usiazime viwango vya Kiingereza, utakimbia bila sababu.

Pamoja na hayo yote, utachapia. Hapo kuna uamuzi mmoja wa kufanya, na una nusu sekunde: je, mtazamaji sasa anaamini jambo ambalo si kweli?

Kama hapana, pita. Silabi iliyogongana, "l" iliyoingia mahali pa "r", "thamani" iliyotoka "samani" huku habari nzima ni ya bei ya kahawa: endelea bila kugeuza uso. Kuomba radhi kwa kila kikwazo kidogo kunamfanya mtazamaji aanze kukuhesabia.

Kama neno limeharibika kiasi cha kutosikika, lirudie mara moja, kwa sauti ileile, bila "samahani". Likikataa mara ya pili, liache na utumie njia nyingine: "mwenyekiti wa kamati hiyo" badala ya jina lililokuganda ulimini. Jaribio la tatu ndilo linalokatwa na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kama umebadilisha maana, simama na usahihishe kikamilifu. Hapa ni pale jina, idadi ya waliofariki, kiasi cha fedha au hatia ya mtu vinapoguswa. Ukimwita "muuaji" mtu ambaye ni mshitakiwa, hilo si la kupita nalo. Kuna maneno machache tu: "Samahani, ni mshitakiwa, kesi bado inaendelea mahakamani." Taja lililo sahihi na usirudie lile baya, maana ukisema "si muuaji" umelitangaza mara ya pili. Kwa namba fanya vilevile: "Idadi sahihi ni watu wanane." Vuta pumzi moja, kisha rudi mwanzo wa sentensi, usirukie katikati. Usilaumu prompta, usimlaumu mhariri, usicheke.

Sentensi inayofuata ndiyo ya hatari. Akili inabaki nyuma ikijilaumu huku mdomo unaendelea, na kosa la pili huja mara nyingi ndani ya maneno kumi. Ipunguze mwendo kwa makusudi, hata ukihisi unavuta mno. Kwa mtazamaji haionekani hivyo.

Wakati mwingine kosa halijulikani na msomaji mwenyewe. Mwongozaji wa matangazo analisikia, na anapaswa kukuambia kupitia kifaa cha sikioni kwa sentensi tayari ya kusoma: "Sema ni Wilaya ya Hai, siyo Siha." Akikuambia tu "umekosea", amekuvuruga bila kukusaidia. Kubalianeni pia kwamba masahihisho yatolewe kabla ya taarifa inayofuata, au mara tu picha zinapoisha, si mwisho wa habari ambapo aliyedanganyika ameshaenda kulala.

Picha zikikosewa, msomaji ndiye mwenye mdomo. Video ya ajali ya barabara ya Moshi-Arusha ikirushwa juu ya habari ya harusi, mwongozaji akurudishe wewe kwenye skrini, nawe useme, "Picha mlizoziona hazihusiani na taarifa hii." Kama kwenye picha hizo kuna sura ya mtu na habari inahusu uhalifu, lazima useme, hata kama zilionekana sekunde mbili.

Kicheko kina ufundi wake. Kinaanza na pumzi fupi za juu kifuani, kwa hiyo toa pumzi yote kabla ya kuvuta nyingine, angalia karatasi, usimwangalie msomaji mwenzako kabisa. Mpe mwongozaji ishara mliyokubaliana, mathalani kuweka kalamu chini, ili ahamie kwenye picha. Kikohozi nacho kina ishara hiyohiyo. Maji yawe ya uvuguvugu. Chai ya maziwa kabla ya kusoma inaacha utando kooni, na baridi ya Julai ya Arusha inatosha kukausha koo bila msaada wako.

Ripota aliye nje ana taabu zake. Mawasiliano kwa setilaiti yanapita kilomita takriban 36,000 kwenda juu na nyingine kama hizo kushuka, yaani robo ya sekunde kwa swali kufika, na robo nyingine kwa jibu kurudi. Begi linalounganisha laini kadhaa za simu huchelewa zaidi, mara nyingi sekunde moja au mbili. Msomaji wa studio aulize swali moja, asimame, asubiri. Akiongeza "yaani namaanisha…" kwenye ukimya, sauti zitagongana na wote wawili watanyamaza, kisha wote waanze tena kwa pamoja. Ripota naye atazame lenzi akisubiri, si simu.

Kuna tatizo moja linalowafanya maripota wazuri waonekane walevi. Fundi wa sauti akisahau kuondoa sauti ya ripota kwenye mrejesho unaomfikia sikioni, ripota anajisikia mwenyewe akiwa amechelewa sekunde moja, na ulimi unaanza kuburuza maneno kumsubiri huyo mwingine. Dawa ya papo hapo: ng'oa kifaa cha sikioni unapozungumza, kirudishe ukimaliza ili usikie swali. Dawa ya kudumu ni kujaribu mrejesho dakika kumi kabla, ukihesabu moja hadi ishirini kwa sauti ya kawaida. Ukijisikia, paza malalamiko hapo hapo.

Mawasiliano yakikatika, msomaji amwite ripota kwa jina mara mbili, si zaidi, kisha aseme, "Tutarejea kwake baadaye," na asome taarifa inayofuata. Taarifa hiyo iwe imeshawekwa kwenye prompta kabla ripota hajaitwa. Kumwita mara tano "hallo, unanisikia?" ni kupoteza dakika ya watu.

Wanaorusha asubuhi kutoka Moshi hupenda Kilimanjaro nyuma yao. Nendeni mapema, mawingu hufunika kadiri asubuhi inavyosonga. Kamera iliyoachwa ijipangie mwanga yenyewe itaona anga nyeupe na kuufanya uso kuwa giza, kwa hiyo pima mwanga usoni na uufunge hapo.

Mgeni wa studio aulizwe maswali mawili kabla ya kukaa: jina lako kamili, na umekuja kuzungumzia nini. Mei 2006 BBC ya London ilimhoji hewani Mkongo aliyekuja kwenye usaili wa kazi, ikidhani ni mtaalamu wa teknolojia, kwa sababu aliyetumwa mapokezi alimchukua mtu asiyehusika.

Kipaza sauti kikishabandikwa kifuani, kiganja kimoja hivi chini ya kidevu, kihesabu kiko hewani mpaka uking'oe. Hakuna "tuko matangazo sasa". Umbea, matusi, maoni juu ya kiongozi uliyemsoma sasa hivi: vyote vikae mpaka ukumbini. Betri zibadilishwe kila taarifa ya habari, hata kama kiashiria kinaonyesha bado.

Baada ya kuzima taa, kaa na mwongozaji dakika tano na muandike muda kamili wa kila kosa, kisababishi chake, na kama lilisahihishwa. Rekodi inayopandishwa YouTube au kurudiwa alfajiri irekebishwe kwanza: kata sentensi yenye kosa la ukweli na weka sahihi, au acha kosa pamoja na sahihisho lake. Kinachokatazwa ni kukata sahihisho na kuacha kosa, jambo ambalo hutokea pale anayepunguza urefu wa video anapoona "samahani" na kudhani ni uchafu wa kufagia.