Kutunga tarbia ya kwanza bila kukwama kwenye mizani

Tarbia ni shairi la mishororo (mistari) minne kila ubeti. Beti moja inatosha kuanzia: mishororo minne, kila mmoja mizani (silabi) 16, yaani 8 katika ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na 8 katika utao (nusu ya pili).

Kabla ya kutunga, chagua vina viwili (silabi za mwisho zinazofanana), kimoja cha ukwapi na kingine cha utao, na uorodheshe maneno kama 15 kwa kila kimoja. Chukua -na, -ka au -wa. Ukianza na -nywa utaishiwa ubeti wa pili. Kina ni silabi nzima, si irabu tu, hivyo "sana" na "kaka" havilingani.

Hesabu kwa vidole huku ukisoma kwa sauti. Wengi huteleza kwenye "m": "mvuvi" ni mizani tatu (m-vu-vi), si mbili. Kwa hiyo "Mvuvi amechoka sana" ina 9, imezidi. Rekebisha:

Mvuvi achoka sana, nyavu zake zakatika

Ikizidi tena, badili neno kwanza. Inkisari, yaani kufupisha maneno, kama "mwanangu" badala ya "mwana wangu", ruksa, ila ikijaa kila mshororo inaficha uvivu.

Kituo, yaani mshororo wa mwisho, kitunge mapema, maana mishororo mitatu ya juu lazima ikielekee. Ukikiacha mwisho, mara nyingi hutoka kiraka.