Noti Sakafuni Haimpimi Mtu: Kumjaribu Muuzaji Kabla ya Kumwachia Funguo

Wenye maduka wengi Mombasa, Majengo hadi Likoni, wana mtihani mmoja wanaouamini: noti ya shilingi 1,000 huangushwa nyuma ya kaunta, kijana mgeni akaachwa peke yake. Akiileta ni mwaminifu. Asipoileta, kazi hana. Achana nao. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo: mwaminifu huenda asiione kabisa, na mwizi aliyekwisha kupita maduka matatu anaijua noti hiyo vizuri, ataileta mbio, "Mzee, umeangusha hii." Jioni hiyo hiyo unamkabidhi stoo.

Mtu hupimwa kwa hesabu inayorudiwa. Ipe wiki 6, na usianzie Ramadhani, maana msongamano wa alasiri huzaa makosa hata kwa mzoefu.

Siku ya kwanza, duka likiwa limefungwa, hesabuni bidhaa zote pamoja. Kila mmoja aandike karatasi yake, mlinganishe, kisha nyote mtie sahihi kwenye daftari. Chenji ya kuanzia isibadilike, tuseme shilingi 2,000, nyingi zikiwa sarafu na noti za 50 na 100. Kila Jumapili usiku rudieni: bidhaa za mwanzo, jumlisha zilizoingia, toa zilizobaki, zidisha kwa bei. Maziwa yalikuwa pakiti 40, zikaingia 60, zimebaki 22. Zimetoka 78, na kwa bei ya shilingi 60 hizo ni 4,680. Ukishajumlisha bidhaa zote, jibu lilingane na pesa taslimu ukiondoa chenji, pamoja na za Till (namba ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa), daftari la deni na vilivyoharibika. Pakiti ulizobeba wewe nyumbani kwa chai ziandikwe pia. Hapa ndipo wenye duka hujiibia wenyewe wakamlaumu kijana.

Kabla ya kumshuku mtu, shuku mizani. Gunia la sukari la kilo 50 hutoa robo 200. Kila robo ikizidi gramu 10 tu, kama vijiko viwili vya chai, utapata robo 192, na hakuna aliyeiba hata punje. Weka juu ya mizani pakiti ya unga ya kilo 2 isiyofunguliwa: isome kilo 2 na gramu chache za karatasi. Mayai hesabu moja moja, trei ni 30, na lililovunjika liandikwe pale pale, si jioni.

Kazi yenyewe ni kuusoma mwelekeo. Wiki hii pungufu 150, ijayo ziada 80: hayo ni makosa ya chenji. Upungufu wa upande mmoja kila wiki, tena kwenye vitu vya kuingia mfukoni kama betri, wembe na sabuni za kipande, mara nyingi una mkono wa mtu. Ziada ya kila wiki nayo si sifa, wateja wanapunjwa. Na sifuri kamili wiki sita mfululizo, kwenye duka la kupima robo robo, ichunguze zaidi kuliko upungufu, kwa sababu huenda kuna anayeisawazisha.

Namba ya Till ibandikwe kwa maandishi makubwa upande wa mteja. Linganisha siku unazokaa dukani na siku unazotoka. Malipo ya M-Pesa yakishuka kila ukitoka, muulize mteja wa kila siku, kwa upole, alilipa namba gani.

Mwelekeo ukionekana, usipige kelele mbele ya wateja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka umweleze kosa kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake anayemchagua, na umsikilize kabla ya kumwachisha kazi. Mfungulie daftari ukurasa kwa ukurasa, sahihi zake zimo. Ukikata mshahara, kifungu cha 19 kinasema makato yote yasizidi theluthi mbili.

Akizimaliza wiki 6 salama, mpe ufunguo wa mlango wa mbele. Wa stoo usubiri wiki 6 nyingine, na hesabu ya Jumapili iendelee.